Prosesa ya Kompyuta ya Mezani: Gemu, Kazi na Joto la Nungwi

Prosesa ni sehemu ya kompyuta inayosoma amri za programu na kuzitekeleza, mabilioni ya amri kwa sekunde moja. Ubora wake hauonekani kwa macho wala haujulikani kwa kuishika mkononi. Hujulikana pale mtu anapobonyeza kitufe kisha akasubiri. Faili la hesabu lichelewe kufunguka, video igande katikati ya kuhaririwa, mchezaji apige shuti na picha ije nyuma ya kidole: huko ndiko prosesa inakopimwa. Kwa hiyo anayetaka kuithamini huanza na kazi, ndipo afike kwenye jina na bei.

Kazi hizo Nungwi zipo, na zinaongezeka. Kijiji hiki cha ncha ya kaskazini ya Unguja, zaidi ya kilomita 50 kutoka Mji Mkongwe, kilijulikana kwa mafundi wa majahazi na wavuvi kabla hoteli hazijaujaza ufuo wake. Utalii umeleta shughuli ambazo wazee wa hapo hawakuzijua. Mapokezi ya hoteli hupokea nafasi za wageni kwa intaneti usiku na mchana. Vituo vya uzamiaji hurudi na kamera zilizojaa kasa na matumbawe, na mgeni anaitaka video yake kabla hajapanda ndege kesho. Wapiga video za harusi wanahariri saa tatu za ngoma na mapambo ili zibaki dakika 40. Jioni, kompyuta ile ile iliyofanya kazi mchana huombwa iendeshe gemu ya mpira au ya mapigano. Mashine mbili ni anasa. Mashine moja yenye kazi mbili ndiyo hali ya kawaida, na tathmini inakuwa ngumu hapo, kwa sababu gemu na kazi za ofisi au studio haziitaki prosesa kwa namna moja.

Kosa la kwanza hutokea dukani, mbele ya kibandiko. Kibandiko cha i7 kwenye kompyuta ya mtumba humfanya muuzaji apandishe bei na mnunuzi apandishe matumaini, ilhali Intel imekuwa ikilitumia jina hilo tangu mwaka 2008. Core i7-2600 ya mwaka 2011 ina viini 4. Core i3-12100 ya mwaka 2022 nayo ina viini 4. Hiyo ya pili, yenye jina la kinyonge, hufanya kazi ya kiini kimoja kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya ile ya kwanza, na hula umeme mdogo zaidi. Tarakimu zinazofuata baada ya kistari ndizo zenye habari: 2600 ni kizazi cha 2, 8500 ni cha 8, 12400 ni cha 12. Kwa AMD, tarakimu ya kwanza ya Ryzen 5 5600 huonyesha kuwa ni ya mfululizo wa 5000.

Herufi ya mwisho nayo ina uzito. F kwa Intel maana yake prosesa haina sehemu ya kutoa picha, na aliyeinunua bila kadi ya picha ataikuta skrini nyeusi. K ni ile inayoruhusu mtumiaji kuipandisha kasi. T ni ya umeme mdogo, wati 35, na hupatikana kwenye vikompyuta vidogo vya ofisi vinavyofungwa nyuma ya skrini. G kwa AMD ni prosesa yenye sehemu ya picha iliyo imara kuliko kawaida, na X3D ni ile iliyoongezewa kashe, habari ambayo itaelezwa mbele.

Kosa la pili ni gigahetzi. Kipimo hicho huhesabu mapigo ya saa ya ndani ya prosesa, bilioni moja kwa sekunde kwa kila gigahetzi. Hakisemi kila pigo limefanya kazi kiasi gani. Mwaka 2013 AMD ilitoa FX-9590 iliyofika gigahetzi 5 na kupangiwa wati 220, na katika gemu nyingi ilishindwa na prosesa za Intel za wakati huo zilizokuwa chini ya gigahetzi 4. Mapigo yalikuwa mengi, kazi katika kila pigo ilikuwa ndogo. Gigahetzi hulinganishwa kwa haki ndani ya kizazi kimoja cha kampuni moja tu, na nje ya hapo ni namba ya kupambia boksi.

Kasi ya saa ilipogota ukutani katikati ya miaka ya 2000 kwa sababu ya joto, kampuni ziligeukia kuongeza viini. Kiini ni prosesa kamili ndani ya prosesa, chenye uwezo wa kufanya kazi yake peke yake. Viini vingi hupangwa viweze kushika nyuzi mbili za kazi kwa pamoja, ndiyo maana prosesa ya viini 6 hutangazwa kuwa na nyuzi 12. Lakini uzi wa pili haufanyi kazi kama kiini cha pili. Hutumia nafasi zilizobaki tupu pale uzi wa kwanza unaposubiri, na faida yake hutofautiana kwa kila programu.

Wingi wa viini hausaidii kila kazi. Jahazi linapojengwa ufukoni Nungwi, mafundi kumi wanaweza kupigilia mbao kwa wakati mmoja, ila hakuna anayeanza mbao kabla mkuku haujalazwa, na mkuku haulazwi haraka zaidi kwa kuongeza watu. Gene Amdahl aliieleza hoja hiyo kwa kompyuta mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo cha kasi, hata viini viwe mia. Ikiwa robo ya kazi haigawanyiki, basi hakuna idadi ya viini itakayoiharakisha kazi hiyo zaidi ya mara nne.

Gemu huangukia upande huo wa kutogawanyika. Ndani ya gemu kuna uzi mkuu unaopanga mwendo wa kila mchezaji, mpira, gari na risasi, kisha kuiambia kadi ya picha ichore nini. Nyuzi nyingine husaidia, lakini uzi mkuu ndio unaosubiriwa. Hadi sasa gemu nyingi zinaridhika na viini 6 vyenye kasi, na zile zinazonufaika kwa uwazi na viini zaidi ya 8 ni chache. Cities: Skylines II ya mwaka 2023, inayoendesha maisha ya mji mzima, ni mojawapo. Upande wa pili, viini 4 visivyo na nyuzi za ziada, kama vya Core i5-6500 ya mwaka 2015, sasa vinaonekana wazi kupungukiwa: gemu huenda vizuri, ghafla hukwama nusu sekunde, kisha huendelea. Kukwama huko humkera mchezaji kuliko mwendo wa polepole usiobadilika.

Intel ilipotoa kizazi cha 12 mwishoni mwa mwaka 2021 ilichanganya viini vya aina mbili, vikubwa vya kasi na vidogo vya kubana umeme. Core i9-14900K ya Oktoba 2023 hutajwa kuwa na viini 24, lakini 8 tu ndivyo vikubwa, 16 ni vidogo. Core i5-12400 haina viini vidogo hata kimoja: ni vikubwa 6 na nyuzi 12. Kwa gemu, hesabu yenye maana ni ya viini vikubwa.

Jambo lililobadilisha zaidi mizani ya gemu ni kashe. Hii ni kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, yenye kasi kubwa kuliko RAM. Data ikikosekana kwenye kashe, prosesa hulazimika kuifuata kwenye RAM, na kwa prosesa safari hiyo ni ndefu mno, mamia ya mapigo ya saa yakipita bure. Ryzen 5 5600 ina megabaiti 32 za kashe ya ngazi ya tatu, na i5-12400 ina 18. Aprili 2022 AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D iliyobandikwa tabaka la pili la kashe juu ya la kwanza, jumla megabaiti 96. Kasi ya saa ilishuka kidogo kuliko ya ndugu yake 5800X, na bado katika gemu ikamzidi. Ikafuata 7800X3D mwaka 2023 na 9800X3D Novemba 2024. Viini 8 vya 7800X3D huishinda 14900K kwa wastani wa gemu, hali 14900K katika kazi za kugawanyika ina nguvu ya takriban mara mbili yake. Jozi hiyo ndiyo mfano bora wa somo hili: prosesa bora kwa gemu na prosesa bora kwa kazi si lazima iwe moja.

Kupima prosesa kwa gemu kuna utaratibu wake, na asiyeujua husoma majedwali vibaya. Wapimaji huifunga prosesa pamoja na kadi ya picha yenye nguvu kuliko zote sokoni, kisha hushusha ukubwa wa picha hadi 1080p au chini yake. Wanafanya hivyo makusudi, ili kadi isiwe ndiyo inayochelewesha na tofauti za prosesa zionekane. Matokeo ni ya kweli, ila hayamhusu kila mtu. Mwenye kadi ya daraja la GTX 1650 au RTX 3060 akiendesha gemu nzito zenye mapambo yote, kadi yake ndiyo itakayochoka kwanza, na prosesa ya dola 200 itampa karibu sawa na ya dola 500. Dalili ni rahisi kuisoma: kadi ikiwa inafanya kazi kwa asilimia 97 au zaidi muda wote, kubadili prosesa ni kutupa fedha. Ikiwa kadi inazembea kwenye asilimia 60 na fremu bado hazitoshi, prosesa ndiyo yenye deni.

Fremu ni picha moja kati ya nyingi zinazofuatana kwenye skrini. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16.7 za kutayarishwa. Kwa fremu 144, muda unashuka hadi milisekunde 6.9, na hapo ndipo prosesa hubanwa. Gemu za ushindani kama Counter-Strike 2 na Valorant, ambazo kadi ya kawaida huzichora bila taabu, huitegemea prosesa kwelikweli. Lakini skrini nyingi za mtumba zilizotoka maofisini zina hetzi 60, na hazionyeshi zaidi ya picha 60 kwa sekunde hata mashine itoe 300. Anayenunua prosesa ya X3D kwa skrini ya namna hiyo amenunua mwendo asioweza kuuona.

Wastani wa fremu peke yake hudanganya. Kipimo kinachofaa kusomwa pamoja nao ni kile cha asilimia 1 ya chini, yaani mwendo wa zile fremu zilizochelewa kuliko zote. Mashine yenye wastani wa 120 na kipimo hicho cha chini kikiwa 40 huchezeka vibaya kuliko yenye wastani wa 95 na kipimo cha chini kikiwa 75.

Lipo pia lawama ambalo prosesa hubebeshwa bila hatia. Mchezaji wa mtandaoni akiona adui anaruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, au risasi zake hazihesabiwi, mara nyingi ni umbali wa seva na ubora wa intaneti. Kutoka Unguja, seva za gemu nyingi ziko Afrika Kusini, Ghuba au Ulaya. Hakuna prosesa inayofupisha safari hiyo.

Upande wa kazi, kipimo kinachotumika sana ni Cinebench, programu inayochora picha moja nzito na kutoa alama mbili: ya kiini kimoja na ya viini vyote. Tofauti ya alama hizo mbili hufundisha mengi. Ikilinganishwa na i5-12400, 14900K hutoa takriban mara tatu kwa viini vyote, lakini kwa kiini kimoja haizidi sana theluthi moja ya nyongeza. Sasa kazi ya mnunuzi ni ipi? Kuchora picha za Blender hutumia viini vyote, na hapo mara tatu ni mara tatu. AutoCAD, inayotumiwa na wachora ramani za nyumba, hufanya sehemu kubwa ya kazi kwa kiini kimoja. Mapokezi ya hoteli yenye kurasa za intaneti, Excel na programu ya hesabu hayahitaji hata hiyo 12400. Core i5-8500 ya mwaka 2018, yenye viini 6, ikiwekewa diski ya SSD na gigabaiti 16 za RAM, inamudu bila kulalamika. Ofisi nyingi zinazolaumu prosesa zingetibiwa na SSD.

Kuhariri video ni habari nyingine, na majedwali ya jumla huificha. Kamera za uzamiaji na simu za kisasa huhifadhi video kwa mtindo wa H.265, uliobanwa sana ili usijaze kadi ya kumbukumbu. Kuifungua video hiyo kwa viini vya kawaida ni kazi kubwa. Intel tangu mwaka 2011 imekuwa ikiweka ndani ya sehemu ya picha ya prosesa zake mtambo maalumu wa kazi hiyo, uitwao Quick Sync, na programu ya kuhariri ya Premiere Pro inajua kuutumia. Tangu kizazi cha 11, mtambo huo hufungua hata H.265 ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, inayotolewa na baadhi ya kamera za Sony na Canon. Kadi za NVIDIA hazikuweza kuifungua aina hiyo hadi mfululizo wa RTX 50 wa mwaka 2025. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo: mhariri mwenye i5-12400 ya kawaida anaweza kusogeza video yake kwa ulaini kuliko mwenye Ryzen ya viini vingi isiyo na sehemu ya picha. Na mhariri huyo huyo akidanganyika na punguzo la 12400F, ambayo sehemu hiyo imezimwa, amejinyima kile alichokuwa akikihitaji hasa. Wakati wa toleo, tofauti ya bei kati ya mbili hizo ilikuwa kama dola 25.

Yote hayo hupimwa katika vyumba vya wapimaji, vyenye digrii 20 na kitu. Nungwi wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, mchana hupanda hadi digrii 32 na zaidi, na nyumba nyingi hazina kiyoyozi. Kanuni ya joto ni nyepesi: kila digrii inayoongezeka chumbani huongeza karibu digrii moja kwenye prosesa. Prosesa iliyokaa kwenye 85 katika jaribio la Ulaya itakaribia 95 hapa, kwa kazi ile ile na feni ile ile. Kila prosesa ina mpaka wake: Intel nyingi ni digrii 100, Ryzen 7 7800X3D ni 89, Ryzen 9 7950X ni 95. Ikigusa mpaka haiungui. Hujishushia kasi. Mnunuzi huwa amelipia gigahetzi 6 anazozipata dakika ya kwanza tu.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi nazo zinahitaji kusomwa mara mbili. I5-12400 imeandikwa 65, lakini imeruhusiwa kufika 117 kwa kazi nzito. 14900K imeandikwa 125, imeruhusiwa 253. Ryzen 9 7950X imeandikwa 170, imeruhusiwa 230. Namba ya pili ndiyo ya kununulia feni na pawasaplai. Wati 253 katika chumba cha futi kumi kwa kumi, dirisha likiwa limefungwa kwa ajili ya vumbi, ni hita. Prosesa za daraja la wati 65 hupozwa na feni ya kawaida isiyo ya gharama, na hilo kwa maoni ya mafundi wengi ndilo linaloamua umri wa mashine.

Bili ya umeme hailemei upande mmoja kama inavyodhaniwa. Prosesa kubwa humaliza kazi ya kuhariri mapema na kupumzika, kwa hiyo jumla ya uniti kwa kazi moja inaweza kukaribiana na ya ndogo. Kwenye gemu hakuna kumaliza mapema, mchezo wa saa tano ni saa tano. Hapo 7800X3D hutumia kwa kawaida chini ya wati 70, wakati 14900K mara nyingi hupita 120. Tofauti ikifika wati 80 kwa saa tano kila siku, ni uniti 12 kwa mwezi kwenye mita ya umeme ya Tukuza, bila kuhesabu kiyoyozi kinacholitoa joto hilo.

Umeme wenyewe una historia. Unguja hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa zamani ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013 na hali imekuwa bora, ila kukatika kwa dakika chache au saa kadhaa hakujaisha. Mhariri anayetoa video ya saa moja na umeme ukakatika kwenye asilimia 90 huanza upya. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya VA 650 hubeba kama wati 360 hivi, ikitosha kompyuta ya i5 yenye kadi ya wati 75 pamoja na skrini, kwa muda wa kuhifadhi na kuzima. Mashine ya 14900K yenye kadi kubwa hupita wati 500 ikiwa kazini, na UPS hiyo huzimika nayo papo hapo. Hivyo gharama ya prosesa kubwa huingia pia kwenye UPS, pawasaplai na feni, na majedwali ya bei hayaonyeshi hata moja.

Hewa ya bahari huongeza la kwake. Chumvi na unyevu hula miguu ya shaba na vishikio vya RAM, na vumbi lililolowa hugeuka tope jembamba kwenye mapezi ya chuma cha kupozea. Kompyuta iliyo hatua chache kutoka ufukweni inahitaji kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara, na krimu ya joto kati ya prosesa na chuma hicho kubadilishwa inapokauka. Mashine iliyopoteza kasi mwaka wa pili mara nyingi haijazeeka, imeziba.

Kabla ya kuamua, umri wa prosesa unatakiwa uangaliwe mbele, si nyuma tu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, na kwa AMD kuanzia Ryzen 2000. Kompyuta nyingi za ofisi za mtumba, kama OptiPlex na EliteDesk, zenye i5-6500 au i7-7700 zimebaki nje ya orodha hiyo, na bei yake inapaswa kushuka kulingana na ukweli huo, hata kama muuzaji hajakubali. Kompyuta hizo za ofisi zina kikwazo kingine kwa wapenda gemu: pawasaplai zake ni za umbo la pekee, na makasha membamba hupokea kadi fupi tu zisizozidi wati 75 zinazotoka kwenye sloti.

Mazabodi nayo huamua mlango wa kesho. Soketi ya AM4 ya AMD ilipokea Ryzen za mwanzo za mwaka 2017 na pia 5800X3D ya mwaka 2022, kwa hiyo mwenye mashine ya zamani ya aina hiyo anaweza kubadili prosesa peke yake, mara nyingi baada ya kuboresha BIOS, na kupata maisha mapya. LGA1700 ya Intel iliishia kizazi cha 14. Kwa AM5, AMD imeahidi kuendelea hadi mwaka 2027 na zaidi.

Tahadhari moja inahusu mitumba ya juu. Baadhi ya Core za kizazi cha 13 na 14 zilikumbwa na tatizo la volti lililozidhoofisha taratibu. Mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili, lakini marekebisho hayo hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. Anayeuziwa 13900K kwa bei ya kutupa ana sababu ya kujiuliza kwa nini inatupwa, na dhamana ya boksi lililofunguliwa nje ya nchi ni vigumu kuidai kutoka Nungwi.

Kwa mashine moja ya kazi mchana na gemu usiku, hukumu inaangukia daraja la kati. Anayehariri video zaidi ya kucheza ana hoja ya i5-12400 isiyo na F, RAM ya gigabaiti 32 na kadi ya wastani. Anayecheza zaidi, au mwenye mazabodi ya AM4 tayari, Ryzen 5 5600 inamfaa kwa gharama ndogo. Asiye na uwezo wa kadi ya picha kwa sasa aangalie 5600G au 8600G, akijua kwamba 5600G ina nusu ya kashe ya 5600. X3D ni ya mwenye skrini ya hetzi 144 na kuendelea na kadi inayolingana nayo. I9 ni ya studio yenye kiyoyozi na kazi ya kila siku inayojaza viini vyote, na studio hizo kaskazini mwa Unguja ni za kuhesabu.

Mnunuzi aombe prosesa iendeshwe mbele yake kabla ya kulipa: CPU-Z kuthibitisha jina halisi, kisha Cinebench R23 kwa dakika zake 10, saa nane mchana, feni ya dukani ikiwa imegeuziwa upande mwingine. Alama ya dakika ya mwisho, si ya kwanza, ndiyo kasi atakayoenda nayo nyumbani.